Mkono Huu Unabeba Madau Mangapi? Mwongozo wa Kuweka Dau Katika Poka

Wachezaji wengi wa poka wanaujua mpangilio wa mikono: flashi (karata tano za alama moja, kama kopa tupu) inaushinda mfuatano (karata tano za namba zinazofuatana), mfuatano unazishinda karata tatu za namba moja (kama 8-8-8), na kuendelea. Wanachokosa ni kinachofuata. Ukishaujua mkono wako, uweke dau la kiasi gani, uliweke mara ngapi, na lini uache? Wengi hupima kwa moyo: karata nzuri, dau kubwa, karata za wastani, dau la wastani, karata mbaya, wanatupa. Mchezaji makini akikaa nao nusu saa tu, anajua walichoshika kabla hawajafunua.

Mwongozo huu ni wa Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, yaani mchezo wa karata mbili mkononi na tano mezani. Karata nitaziandika kwa herufi zake: A ni ree, K ni mfalme, Q ni malkia, J ni ghulamu. Chipu zilizokusanyika katikati ya meza nitaziita fungu, na zile zilizo mbele yako ni mtaji wako. Kupitisha ni kuacha zamu ipite bila kuweka kitu, kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuongeza juu yake. Karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani ni flopu. Baada yake huja karata ya nne, kisha ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Kupiga mkwara kila mtu anajua maana yake.

Hatua ya 1: Kabla ya flopu, dau lako lisiseme kitu

Mikono ya kuanzia iko 1,326 ukihesabu kila muungano wa karata mbili. Ukiweka pamoja inayofanana, inabaki aina 169. Jozi ya aina yoyote huja mara moja kwa kila migao 17. Jozi ya A peke yake huja mara moja kwa kila migao 221. Ukijumlisha mikono minne inayosifiwa kuliko yote, yaani A-A, K-K, Q-Q na A-K, unaipata takriban mara moja kwa kila migao 39. Anayeingia kwenye kila fungu, basi, mara nyingi ameingia na karata za kawaida tu, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kutupa karata nyingi mapema.

Ukiamua kuingia, ingia kwa kupandisha, na kiasi chako kiwe kilekile kwa mikono yote: mara 2.5 hadi 3 ya blaindi kubwa (lile kubwa kati ya madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa), na uongeze blaindi moja kwa kila mtu aliyekwisha kuingia kwa kufuata tu. Ukipandisha mara 5 kwa A-A na mara 2 kwa 8-7, wenzako wataanza kutupa unapopata na kukufuata unapokosa. Kama kuna aliyepandisha kabla yako na wewe una mkono wa juu, pandisha tena hadi kama mara 3 ya dau lake ikiwa utakuwa unacheza baada yake, na kama mara 4 ikiwa utacheza kabla yake. Anayecheza kabla ya mwenzake anaamua gizani, kwa hiyo ana haki ya kumtoza mwenzake zaidi.

Kwa nini usifuate tu na A-A ukawatega? Kwa sababu ya idadi ya watu. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, A-A inashinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne inashuka hadi kama 56. Dhidi ya wanane inabaki kama 35. Ni zilezile karata mbili. Kilichobadilika ni umati, na dau lako la kwanza ndilo linaloupunguza.

Hatua ya 2: Flopu ikifunguka, soma meza kwanza

Mkono usio na jozi hupata walau jozi moja kwenye flopu karibu mara moja kwa tatu. Jozi ya mkononi hupata karata yake ya tatu takriban mara 12 katika 100. Kwa hiyo mara nyingi flopu inakukosa wewe, na inamkosa mwenzako pia. Hilo ndilo linaloipa poka uhai wake.

Itazame meza kabla hujazirudia karata zako. Flopu ya K-7-2 yenye alama tatu tofauti ni kavu: hakuna mfuatano wala flashi inayokaribia, na anayeongoza sasa huenda akaongoza hadi mwisho. Flopu ya 10-9-8 yenye kopa mbili ni mbichi: karibu kila karata itakayofuata itamkamilishia mtu kitu. Ukiwa na A-A, kwenye ile ya kwanza una mkono wa nguvu kwelikweli. Kwenye ya pili una jozi moja iliyozungukwa. Nguvu ya mkono haimo ndani ya karata mbili ulizoshika. Imo kwenye uhusiano wake na meza, na watu waliobaki, na chipu zilizobaki.

Kisha weka mkono wako kwenye kapu mojawapo kati ya manne: mkono wa nguvu, mkono wa kati, mkono wa kungoja (unaohitaji karata zaidi ili ukamilike), na mkono mtupu. Kabla hujagusa chipu, jiulize maswali mawili. La kwanza: nikiweka dau, ni mikono gani dhaifu kuliko wangu itakayonilipa? La pili: ni mikono gani bora kuliko wangu itakayotupwa? Ukikosa jibu la yote mawili, dau hilo halina kazi. Lirudishe mkononi, upitishe.

Ninayarudia maswali haya kwa kila ninayemfundisha hadi anachoka nayo, kwa sababu sijaona kitu kingine kinachookoa chipu nyingi kiasi hicho.

Hatua ya 3: Linganisha mtaji na fungu

Gawanya mtaji mdogo kati ya wako na wa mwenzako kwa ukubwa wa fungu lililopo kwenye flopu. Mtaji ukiwa 60 na fungu 20, jibu ni 3. Mtaji ukiwa 200 na fungu 20, jibu ni 10.

Jibu likiwa 3 au chini, jozi ya juu (karata yako moja ikilingana na kubwa kuliko zote mezani) yenye karata nzuri ya kusindikiza, yaani karata yako ya pili, inatosha kuingiza mtaji wote, na usijilaumu ukishindwa. Likiwa 10 na zaidi, anayekubali kumwaga mtaji wake wote kwa kawaida ana jozi mbili au zaidi, na jozi yako moja, hata ikiwa ya A, ina nafasi ndogo. Katikati ya hapo, mjue mwenzako.

Hatua ya 4: Mkono wa nguvu, anza kulijenga fungu sasa

Hapa naweka jozi mbili zinazotokana na karata zako zote mbili, karata tatu za namba moja, mfuatano, flashi na kuendelea. Kosa la kawaida ni kujificha: mtu anapata karata tatu za namba moja, anafurahi, kisha anapitisha ili asiwaogopeshe wenzake.

Fanya hesabu uone anachopoteza. Fungu ni 10. Ukiweka theluthi mbili ya fungu kwenye flopu na mwenzako akafuata, ni kama 7, na fungu linafika 24. Kwenye karata ya nne theluthi mbili ni 16, fungu linakuwa 56. Kwenye karata ya mwisho ni 37. Jumla umemtoza 60. Sasa pitisha kwenye flopu, kisha weka theluthi mbilimbili kwenye karata mbili zilizobaki: 7, halafu 16. Jumla ni 23. Dau moja dogo la mwanzo ulilolihifadhi limekugharimu 37 mwishoni, kwa kuwa fungu hukua kwa kuzidishwa. Kwa kulinganisha, nusu ya fungu mara tatu inakupa 5, 10 na 20, yaani 35. Fungu zima mara tatu inakupa 10, 30 na 90, yaani 130.

Kwa hiyo panga kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Jiulize mtaji wa mwenzako ni kiasi gani, kisha chagua ukubwa utakaouingiza wote mezani kwa madau matatu bila dau la mwisho kuwa la ajabu. Mtaji ukiwa 60 na fungu 10, theluthi mbili mara tatu inamaliza kazi. Ukiwa 130, unahitaji fungu zima kila mara. Ukiwa 35, nusunusu inatosha, na hakuna haja ya kumtisha.

Meza ikiwa mbichi, ongeza ukubwa. Anayengoja flashi atalipa bei kubwa leo kwa sababu bado ana matumaini. Karata ya mwisho ikimkosa hatalipa hata chipu moja. Meza ikiwa kavu, mwenzako ana vichache vya kukulipia, basi punguza hadi theluthi au nusu ya fungu ili jozi zake ndogo ziendelee kukufuata.

Kupitisha na mkono wa nguvu kuna nafasi zake mbili. Ya kwanza ni pale umezishika karata zote ambazo wengine wangezihitaji: una K-K na flopu ni K-K-4. Nani atakulipa, na kwa karata gani? Mwache apate kitu. Ya pili ni pale mwenzako ni mtu wa kushambulia asiyeweza kuona zamu imepita bila kuweka dau. Huyo mpe kamba. Wengine wote, weka dau.

Hatua ya 5: Mkono wa kati, hapa ndipo penye kazi

Miaka yangu ya mwanzo mezani sikufilisiwa na mikwara iliyoshindwa wala na karata mbaya. Nilifilisiwa na jozi ya juu. Nilikuwa nikipata K-J kwenye flopu ya J-8-4, naweka dau, nafuatwa, naweka tena, nafuatwa, naweka dau kubwa la mwisho, kisha naonyeshwa 8-8. Kila dau peke yake lilionekana la haki. Kosa lilikuwa kutojiuliza mkono ule ulikuwa unabeba madau mangapi.

Kuanzia hapo ninahesabu hivi. Jozi ya juu yenye msindikizaji mkubwa, kama A-K kwenye meza ya K-9-4, inabeba madau mawili ya kawaida, na matatu dhidi ya mtu anayependa kufuata. Jozi ya juu yenye msindikizaji dhaifu, kama K-6 kwenye meza hiyohiyo, inabeba moja, au mawili yakiwa madogo. Jozi ya pili, kama 10-9 kwenye K-9-4, inabeba moja, na mara nyingi moja hilo lina faida zaidi likija mwishoni. Ikiwa mezani mmebaki watatu au zaidi, punguza dau moja katika kila hesabu hapo juu.

Kwa nini jozi ya pili isiweke dau mapema? Rudi kwenye maswali mawili. Una 10-9 kwenye K-9-4 na unaweka theluthi mbili ya fungu. Mwenye Q-J anatupa, na ulikuwa ukimshinda. Mwenye 5-5 anatupa, na naye ulikuwa ukimshinda. Mwenye K yoyote anafuata, na anakushinda. Umewafukuza wateja wote ukabaki na mdai. Sasa pitisha. Mwenye Q-J huenda akajaribu mkwara, ukamfuata ukamchuma. Mwenye 5-5 akiona mmepitisha mara mbili ataanza kuamini jozi yake, na dau lako dogo kwenye karata ya mwisho atalilipa.

Ukiwa na madau mawili ya kugawa kwenye nafasi tatu, jambo la kuamua ni uiache ipi. Meza ikiwa mbichi, weka kwenye flopu na karata ya nne, upitishe mwishoni, kwa kuwa anayengoja hulipa kabla ya karata ya mwisho. Meza ikiwa kavu, weka kwenye flopu, pitisha kwenye karata ya nne, kisha weka mwishoni. Kule kupitisha katikati kunamfanya mwenzako adhani umechoka, na karata ya mwisho anakufuata na jozi ambayo angeitupa kama ungeshambulia mfululizo. Mbinu hii ya pili ninaipenda kuliko zote kwa mkono wa kati.

Kuna pia dau dogo la kulinda. Una 9-9 na flopu ni 8-5-3. Unaongoza, lakini kila 10, J, Q, K au A itakayoanguka inaweza kumpa mwenzako jozi kubwa kuliko yako. Mwenye K-Q akiona karata inayofuata bure, umemzawadia. Weka theluthi ya fungu. Atatupa mara nyingi, na akifuata amelipia.

Fainali ya World Series of Poker ya mwaka 2003 mjini Las Vegas ni somo zima la mkono wa kati. Walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mashindano ya intaneti, na Sammy Farha, mchezaji mzoefu wa kulipwa. Katika mkono mmoja Farha alikuwa na Q-9 na flopu ikaja 9-2-6, jozi ya juu. Karata ya nne ilikuwa 8 ya shupaza, ya tatu ya alama hiyo mezani. Moneymaker alishika K ya shupaza na 7: alikuwa akingoja flashi na mfuatano kwa pamoja. Karata ya mwisho, 3 ya kopa, haikumpa chochote. Akaweka mtaji wake wote. Farha alifikiri kwa muda mrefu, akatupa mkono uliokuwa ukishinda. Baadaye, kwenye mkono uliomaliza mashindano, flopu ilikuwa J-5-4. Farha alikuwa na J-10, jozi ya juu tena, na safari hii mtaji ukaingia. Moneymaker alikuwa na 5-4, jozi mbili, na 5 nyingine ilipoanguka mwishoni akawa na fulihausi (karata tatu za namba moja pamoja na jozi) na dola milioni 2.5.

Jozi ya juu ileile: mara ya kwanza ilitupwa ikiwa bora, mara ya pili ililipwa ikiwa imeshapitwa. Simlaumu Farha kwa lolote kati ya hayo, maana maamuzi yote mawili yanaeleweka. Ninachokiona ni jinsi mkono wa kati unavyoteseka dau linapokuwa la mtaji wote, na ndiyo sababu ya kulidhibiti fungu mapema, kabla hujafikishwa kwenye swali hilo.

Hatua ya 6: Mkono wa kungoja, lipa kwa bei

Hesabu kwanza karata zinazokukamilisha. Una karata mbili za kopa na mezani kuna mbili: zimebaki kopa 9. Una mfuatano ulio wazi pande zote mbili, kama 9-8 kwenye 10-7-2: karata 8. Mfuatano unaokosa karata moja ya katikati: karata 4.

Kisha zidisha kwa 2 kupata asilimia ya kukamilika kwenye karata moja inayofuata, au kwa 4 kama una uhakika wa kuziona karata zote mbili zilizobaki bila kulipa tena. Kopa 9 zinakupa 18 na 36 kwa makadirio haya. Hesabu kamili ni 19.1 na 35. Karata 8 ni 17 na 31.5. Karata 4 ni 8.5 na 16.5. Wengi hukosea kwa kuzidisha kwa 4 wakiwa kwenye flopu huku mwenzao bado ana mtaji wa kuweka dau jingine. Kuzidisha kwa 4 ni pale tu mmoja wenu amekwisha kumwaga mtaji wote.

Sasa bei. Mwenzako akiweka theluthi ya fungu, unahitaji nafasi ya asilimia 20 ili kufuata kusikutie hasara. Akiweka nusu, 25. Theluthi mbili, kama 29. Fungu zima, 33. Chukua flashi yako yenye nafasi ya 19 dhidi ya dau la nusu: bei haitoshi. Lakini kuna chipu za baadaye. Fungu ni 100, ameweka 50. Ili malipo yako ya 50 yarudi, unahitaji kushinda kama 211 kila flashi inapokamilika. Mezani sasa kuna 150. Je, unaweza kumtoza walau 61 zaidi ukishaipata? Kama ana mtaji na si mwepesi wa kutupa, fuata. Kama amebakiwa na 40 tu, au kopa ya tatu ikianguka tu anatupa kila kitu, achana nayo.

Zichuje pia karata unazozihesabu. Kama unangoja mfuatano na mezani kuna pau mbili, zile pau zinazokukamilisha zinaweza kumkamilishia mwenzako flashi. Na flashi ya kopa ndogo kwenye meza ya watu wanne ni mtego: mwenye A ya kopa atauchukua mtaji wako wote.

Njia ya pili ni kuweka dau wewe mwenyewe. Huu ni mkwara wenye akiba: mwenzako anaweza kutupa sasa hivi, na asipotupa bado una karata zako za kungojea. Unafaa zaidi kwa mikono yenye karata nyingi za kukamilisha, kwenye flopu kuliko kwenye karata ya nne, na dhidi ya mtu mmoja anayejua kutupa. Weka ukubwa uleule ambao ungeuweka na mkono wa nguvu kwenye meza hiyo. Huo ndio ulinzi wako: anayekutazama hataweza kutofautisha.

Hatua ya 7: Mkono mtupu, chagua mikwara michache

Mikono mingi mitupu itupe bila majonzi. Michache inayobaki, pima kwa hesabu hii: ukiweka nusu ya fungu bila kitu, mkwara wako unahitaji kufaulu mara moja kwa tatu ili usile hasara. Ukiweka theluthi ya fungu, mara moja kwa nne. Ukiweka fungu zima, mara moja kwa mbili. Kwa hiyo kwenye flopu kavu kama K-7-2, ambayo huwakosa watu wengi, dau la theluthi dhidi ya mtu mmoja hujilipa lenyewe mara nyingi, hasa kama ni wewe uliyepandisha kabla ya flopu. Wala usiongeze ukubwa kwa kuogopa kwamba dogo halitishi. Mwenye Q-10 atatupa kwa theluthi sawa na atakavyotupa kwa fungu zima.

Mkwara wa karata ya mwisho ni mgumu zaidi, maana aliyefika hapo amekwisha kufuata mara mbili. Uchague kwa karata ulizoshika. Mezani kukiwa na shupaza tatu na wewe una A ya shupaza bila ya pili yake, hakuna mwingine anayeweza kuwa na flashi kubwa kuliko zote. Ni wewe tu unayeweza kujifanya unayo. Mkono kama huo ndio wa kugereshea. Mkwara pia lazima uwe na hadithi: kama ulipitisha kwenye flopu na kwenye karata ya nne, halafu unamwaga mtaji wote ghafla, unadai una nini?

Kwa kipimo cha jumla, ukiweka dau la fungu zima mwishoni, iwe mikono miwili ya kweli kwa mkwara mmoja. Ukiweka nusu ya fungu, mitatu kwa mmoja. Mikwara ikizidi hapo, mwenzako anapata faida kwa kukufuata kila mara.

Na kuna watu wa kutopigiwa mkwara kabisa. Anayefuata kila dau kwa kutaka kuona tu, mwekee dau kubwa zaidi na mikono yako ya nguvu, ongeza dau moja kwenye mikono ya kati, na usimgereshe hata mara moja.

Hatua ya 8: Ukipandishiwa

Umeweka dau, mwenzako akapandisha. Kwenye flopu anaweza kuwa na mambo mengi: mkono wa kungoja, jozi ya juu, mkwara. Jozi yako ya juu inaweza kufuata mara moja uone atafanya nini. Kwenye karata ya nne, na zaidi kwenye ya mwisho, mchezaji mtulivu aliyekuwa akifuata tu kisha akapandisha ana mkono mkubwa karibu kila mara. Jozi moja tupa, hata ikiwa A-A. Inauma, na itaendelea kuuma, lakini huo ndio utupaji unaoacha mtaji mkononi mwa wachezaji wazuri.

Hatua ya 9: Fanya zoezi nje ya meza

Chukua pakiti ya karata, changanya, jigawie mbili, funua flopu. Taja kwa sauti: meza ni kavu au mbichi, mkono uko kapu gani, unabeba madau mangapi, dau la kwanza ni sehemu gani ya fungu. Funua karata ya nne, rudia. Funua ya mwisho, rudia. Fanya mara 30 kwa kikao kimoja.

Utaona mara kwa mara mkono ukihama kapu. Ulianza na Q-Q kwenye flopu ya 9-6-2, mkono wenye haki ya madau mawili au matatu. Karata ya nne ikaja K, na sasa una jozi ya pili inayobeba moja. Au ulianza na A-5 za uru kwenye K-8-3 yenye uru mbili, mkono wa kungoja. Karata ya nne ikaja A, na sasa una jozi ya juu pamoja na flashi unayoingoja. Wengi hubaki na uamuzi wa flopu hadi mwisho kwa sababu tu walikwisha kuufanya. Karata mpya ikifunuliwa, panga kapu upya, kisha ndipo uguse chipu.